Kisanduku cha Usafi wa Bibi Arusi: Tathmini Baada ya Miezi Miwili

Kisanduku hiki kinauzwa kwa shilingi 2,400 katika duka moja la manukato mtaani Langoni, hapa Lamu, na pia huagizwa kwa simu kikaletwa mpaka mlangoni. Ndani yake mna vitu vinne: chupa ya mililita 200 ya sabuni ya maji yenye harufu ya waridi, pakiti ya vitambaa vyenye unyevu vya kujipangusia, kichupa cha miski nyeupe iitwayo miski ya tahara, na karatasi iliyokunjwa yenye unga wa shabu, yaani lile jiwe jeupe la chumvi lililosagwa. Mimi nililetewa na jamaa zangu wiki mbili kabla ya harusi yangu, nikavitumia vyote isipokuwa shabu, na kwa muda wa miezi miwili nimeishi na matokeo yake. Silitaji jina la duka wala la mtengenezaji, kwa kuwa bidhaa za namna hii zimejaa madukani zikiwa na vibandiko mbalimbali, na ninayoyasema yanahusu kilichomo ndani kuliko jina lililo nje. Ninaandika sasa kwa sababu mtoto wa mamangu mdogo ataolewa mwezi wa Shaabani, na nimepata habari kwamba kisanduku kama hiki kimekwisha kununuliwa kwa ajili yake.

Nianze na sabuni, kwa kuwa ndiyo niliyoitumia zaidi. Inatoa povu jingi, haiachi utelezi, na harufu yake hubaki mwilini kwa saa kadhaa. Kibandiko chake kinasema kwamba pH yake, yaani kipimo cha tindikali ambacho namba ndogo huonyesha tindikali nyingi, inalingana na maumbile ya mwanamke, na dai hilo si la uongo mtupu. Ndani ya uke wa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, kiwango cha pH huwa kati ya 3.8 na 4.5, yaani kuna tindikali kiasi, na tindikali hiyo hutengenezwa na bakteria wema wanaoishi humo na kuwazuia wadudu wengine wasistawi. Sabuni ya kawaida ya mche huwa na pH ya 9 hadi 10, kwa hiyo sabuni hii ya maji ni pole kuliko ile. Hata hivyo, pH si jambo pekee. Kinachotoa povu huondoa mafuta ya ngozi, na kinachotoa harufu ya waridi si waridi bali ni mchanganyiko wa kemikali ambao kibandiko hakiuelezi kwa undani, bali huufunika kwa neno moja, "parfum". Maelekezo yaliyomo ndani ya kisanduku yalinitaka nitumie asubuhi na jioni, ndani na nje, nami niliyafuata kama nilivyoambiwa.

Hilo la kusafisha ndani ndilo kosa kubwa la maelekezo hayo. Uke hujisafisha wenyewe kwa ute wake, na kuusukumia maji ya sabuni huwaondoa wale bakteria wema na kuongeza uwezekano wa kupata ugonjwa uletao majimaji ya kijivujivu na harufu kama ya samaki, ambao wanawake wengi huuchukua kuwa ni dalili ya kutokuwa safi. Mwanamke huyo basi huzidisha sabuni, naye hali yake huzidi. Kinachohitaji kuoshwa ni sehemu ya nje tu, na hata hapo maji matupu yanatosha. Nitaongeza jambo ambalo watengenezaji wa bidhaa hizi hawalijui au hawalijali: sisi wanawake wa pwani huchamba kwa maji kila tuendapo chooni, mchana na usiku, tangu utotoni. Sijui ni uchafu gani unaobaki kwa mwanamke anayejiosha kwa maji mara tano au sita kwa siku, hata ahitaji povu la waridi juu yake.

Vitambaa vya kujipangusia ndivyo vibaya kuliko vyote, na ningependa msomaji asikie hili hata kama hatasoma lolote jingine. Nilivitumia kwa mara ya kwanza jioni ile somo yangu, yaani mwanamke anayemfunda na kumtayarisha bibi arusi, aliponitayarisha, baada ya kunyolewa kwa wembe. Ngozi iliyotoka kunyolewa huwa na mikwaruzo isiyoonekana kwa macho, na kitambaa kile kilipopita juu yake nilihisi moto. Somo aliniambia nivumilie, kwamba ndivyo dawa ifanyavyo kazi, na alisema hivyo kwa mapenzi kwa kuwa yeye mwenyewe aliambiwa hivyo na muuzaji. Baadaye nilisoma orodha ya viungo nyuma ya pakiti na kukuta kihifadhi, yaani kemikali ya kuzuia bidhaa isiharibike, kinachoitwa methilisothiazolinoni, ambacho kwenye vibandiko huandikwa "methylisothiazolinone". Mwaka 2013 chama cha madaktari wa mzio wa ngozi cha Marekani kilikitangaza kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka, na mwaka 2017 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi yake katika vipodozi vinavyobaki mwilini bila kusuuzwa, vikiwemo vitambaa vya aina hii. Kitambaa hakisuuzwi: ukijipangusia, kemikali iliyomo hukaa juu ya ngozi, ikafunikwa na nguo ya ndani, ikachanganyika na jasho, ikasuguliwa kwa mwendo wa kutwa nzima. Ngozi ya sehemu hiyo ni laini na huwa na unyevu, kwa hiyo hupitisha vitu kwa urahisi kuliko ngozi ya mkono. Ndiyo maana mtu anaweza kupangusia mikono kitambaa hichohicho mwaka mzima asidhurike.

Miski ni jambo zito kidogo, nami nalisema kwa heshima. Kutumia miski baada ya kutoharika kutoka hedhini ni mafundisho yanayojulikana, na sina neno la kuyapinga. Lakini miski ya kale ilitoka kwa mnyama wa milima ya Asia, na bei yake ilikuwa bei ya wafalme, ilhali vichupa vyeupe vinavyouzwa leo kwa shilingi mia mbili au tatu kwa kawaida ni manukato ya kiwandani yaliyochanganywa na mafuta. Kichupa changu hakikuwa na orodha yoyote ya viungo, ila jina na picha ya ua. Kitu kisichotaja kilichomo hakifai kupakwa mahali ambapo ngozi ni laini kuliko zote, na yeyote apendaye harufu yake anaweza kuitia kwenye nguo au kifundo cha mkono. Niliipaka kila siku kwa wiki tatu nikidhani nafanya jambo jema.

Shabu sikuitumia, kwa hiyo siwezi kuieleza kwa kuionja. Wanawake huambiwa kwamba hukaza na kukausha, na ni kweli kwamba hukausha. Ukavu huo ndio madhara yenyewe, kwa kuwa utando uliokauka huchubuka na kupasuka wakati wa tendo la ndoa, na mahali palipochubuka ni mlango wa maambukizi.

Siku kumi hivi baada ya kuanza kuvitumia vitu hivi, nilianza kuwashwa usiku. Mwanzo nilidhani ni joto, kwa kuwa ulikuwa msimu wa kaskazi na nyumba zetu za mawe hushika unyevu. Kufikia wiki ya tatu, mashavu ya uke yalikuwa mekundu na yamevimba kidogo, ngozi ilikuwa na mipasuko myembamba kama ya midomo iliyokauka, na mkojo ulipogusa hapo uliniunguza. Bibi arusi wa wiki moja hasemi mambo kama haya. Nilinyamaza, nikazidisha sabuni, na mtu anayejua mambo haya ataona mara moja nilichokuwa nikikifanya.

Huduma ya kwanza niliyoipata ilikuwa ya duka la dawa, nayo pia inastahili kutathminiwa. Kijana aliyekuwa nyuma ya kaunta hakuniuliza swali hata moja. Nilinong'ona kwamba najikuna, naye akasema, "Ni fangasi, dada," akanipa vidonge vya kuweka ukeni. Siku tano baadaye nilirudi na kusema kwamba mkojo unaniunguza, akasema ni yutiai, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, akanipa antibaiotiki. Mara ya tatu akanipa tyubu ya krimu iliyochanganya dawa tatu kwa pamoja: ya fangasi, ya bakteria, na steroidi kali, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho. Krimu hiyo ilinituliza kwa siku nne, kisha hali ikarudi kwa nguvu zaidi. Sikumchukia kijana yule. Alikuwa akihudumia foleni ya watu, na mimi mwenyewe sikumweleza chochote. Lakini nilitumia zaidi ya shilingi 3,000 kutibu magonjwa mawili ambayo sikuwa nayo. Zaidi ya hayo, antibaiotiki isiyohitajika huweza kuua bakteria wema na kumletea mwanamke fangasi wa kweli, na steroidi kali ikipakwa kwa muda mrefu bila uangalizi huifanya ngozi kuwa nyembamba.

Hatimaye nilikwenda katika kliniki moja ndogo ya akina mama, na hapa ndipo sifa zangu zote zinapokwenda. Tabibu alikuwa mwanamke wa makamo, mtu wa hapahapa, na kabla ya kunigusa aliniuliza maswali kwa karibu nusu saa. Aliuliza naosha kwa kitu gani, nanyoa kwa kitu gani, nguo zangu za ndani ni za kitambaa gani na zinafuliwa kwa sabuni gani, natumia pedi za aina gani, kama mimi ni mjamzito, kama kuna kisukari kwetu, kama nimewahi kuwa na ukurutu au pumu, na kama mume wangu ana dalili yoyote. Nilipotaja kisanduku alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, wewe ni wa ngapi mwezi huu." Alinichunguza kwa taa, akachukua ute kwa kijiti cha pamba, akaupima kwa karatasi ya pH, kisha sampuli ikatazamwa kwa hadubini. Hakukuwa na fangasi, hakukuwa na trikomona, kijidudu cha ugonjwa wa zinaa, na pH ilikuwa 4.4, yaani ya kawaida. Mkojo ulikuwa safi. Nilikuwa na ukurutu wa mguso, yaani ngozi iliyochomwa na vitu ilivyopakwa.

Alinieleza jinsi anavyotofautisha mambo haya, nami nayaandika kwa kuwa sikuwahi kuelezwa na mtu yeyote kabla yake. Fangasi kwa kawaida huleta mwasho mkali pamoja na ute mzito mweupe kama maziwa yaliyoganda, usio na harufu kubwa. Takriban wanawake watatu katika kila wanne hupata fangasi angalau mara moja maishani, na huwapata zaidi wajawazito, wenye kisukari kisichodhibitiwa na waliotoka kutumia antibaiotiki. Trikomona huleta majimaji ya manjano au kijani yenye povu na harufu, nao ni ugonjwa wa zinaa ambao hautibiwi kwa mke peke yake, kwani mume asipotibiwa utarudi. Malengelenge madogo yanayouma na kupasuka kuwa vidonda yanaweza kuwa hepesi, ugonjwa wa virusi. Upele na chawa huwasha sana, hasa upele wakati wa usiku, na upele mara nyingi hushika pia katikati ya vidole na watu wengine nyumbani. Vipele vyenye usaha penye nywele, vikitokea siku mbili tatu baada ya kunyoa, kwa kawaida ni vinyweleo vilivyoingiwa na bakteria. Na mabaka meupe yenye ngozi nyembamba kama karatasi, yenye mwasho wa miezi mingi, yanahitaji daktari wa ngozi au wa wanawake, kwa sababu yana tiba maalumu na yakiachwa hubadilisha umbo la sehemu hiyo.

Kuhusu mkojo kuunguza, alinifundisha jambo jepesi ambalo lingeniokolea antibaiotiki. Maumivu ya maambukizi ya njia ya mkojo huhisiwa ndani, hasa wakati wa kukojoa, tena mtu hubanwa na mkojo mara kwa mara huku ukitoka kidogo. Maumivu ya ngozi iliyochubuka huhisiwa nje, pale mkojo unapoigusa. Mimi nilikuwa naungua nje tu.

Nilimwuliza kwa nini wanawake wengi kama mimi huanza kwa kununua sabuni. Jibu lake limebaki nami. Alisema tatizo liko katika neno. Mabango ya afya, matangazo ya redio na hata baadhi ya wahudumu huuita ute wa mwanamke "uchafu": husema "kutokwa na uchafu ukeni". Msichana anayesikia hivyo tangu alipovunja ungo anaamini kwamba mwili wake unatoa taka kila siku, na taka huoshwa. Kumbe ute mweupe au usio na rangi, unaoongezeka na kupungua kwa kufuata siku za mwezi, usiowasha wala kunuka vibaya, ni kazi ya kawaida ya mwili, kama mate kinywani. Tangu siku ile nimekuwa nikisema ute, na ninamsahihisha kwa adabu yeyote asemaye vinginevyo, hata akiwa mkubwa wangu.

Matibabu yalikuwa mepesi hata nikaona haya kwa jinsi nilivyohangaika. Niliacha kila kitu kilichokuwamo kisandukuni siku ileile. Niliosha kwa maji ya uvuguvugu tu, nikajikausha kwa kupangusa taratibu bila kusugua, kisha nikapaka mafuta ya mgando yasiyo na harufu asubuhi, usiku, na kabla ya kukojoa, ili mkojo usiguse ngozi. Alinipa marhamu ya haidrokotisoni, steroidi isiyo kali, ya asilimia 1 kwa siku saba, nje tu, kiasi cha ncha ya kidole. Nguo za ndani zilikuwa za pamba, zinafuliwa kwa sabuni isiyo na manukato na kusuuzwa mara mbili, bila dawa ya kung'arisha wala ya kulainisha. Usiku nililala na leso peke yake. Pedi zenye harufu niliziacha, na vile vipedi vyembamba vya kila siku pia. Kunyoa nilikuahirisha hadi ngozi ilipopona, na sasa hupunguza kwa mkasi badala ya wembe. Kinachotakiwa na dini ni kuondoa nywele na kutopitisha muda, na mkasi unaziondoa. Mwasho ulipungua usiku wa tatu. Kufikia mwisho wa wiki ya tatu ngozi ilikuwa imerudi kama ilivyokuwa. Gharama yote ya kliniki, pamoja na vipimo na marhamu, ilikuwa shilingi 1,700.

Aliniambia pia nirudi bila kungoja iwapo nitaona vidonda, homa, maumivu ya chini ya tumbo, damu isiyo ya hedhi, au mwasho usiopoa kwa wiki mbili, na kwamba mjamzito asijitibu kwa vidonge vya fangasi vya kumeza bila kuonwa. Mambo haya yangeweza kuandikwa kwenye karatasi ya maelekezo iliyomo kisandukuni. Haikuwa na hata moja. Ilikuwa na ushairi.

Sasa hukumu yangu. Sabuni ya maji, ikitumiwa nje tu, tena na mtu mwenye ngozi isiyo na matatizo, huenda isimdhuru, lakini haimsaidii kitu ambacho maji hayamsaidii; siinunui tena. Vitambaa visinunuliwe. Miski isiyo na orodha ya viungo ikae kwenye nguo. Shabu itupwe. Kliniki ile ndogo ina benchi moja tu la kungojea, pazia lake halifungi vizuri, na nilikaa saa mbili kabla ya kuitwa, na bado naipa sifa kuliko huduma yoyote ya afya niliyopata maishani, kwa kuwa niliulizwa kabla ya kupewa dawa.

Juma lililopita nilikwenda kwa somo, yuleyule aliyenitayarisha mimi na ndiye atakayemtayarisha ndugu yangu. Nilimpelekea kahawa na nikamweleza yote, pamoja na yale ambayo haya humzuia mtu kuyataja mbele ya mkubwa wake. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza mbona sikumwambia siku ile nilipoungua, nikamjibu kwamba alinitaka nivumilie. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema singo, ule mchanganyiko wa kusugulia mwili, la liwa na waridi atalipaka mikononi, miguuni na mgongoni kama kawaida, lakini halitashuka zaidi ya hapo. Udi utafukizwa kwenye kanga na shela, na asumini zitatandazwa kitandani. Kisanduku kilikuwa bado hakijafunguliwa. Tulikirudisha dukani pamoja, na mwenye duka, baada ya kumtazama somo usoni, akakubali kukibadilisha kwa kipimo kimoja cha tola cha udi, kopo la mafuta ya mgando yasiyo na harufu, na doti moja ya kanga za pamba.